Majambazi Watatu na Mtoto Mchanga

Mjomba wangu alikuwa mwendesha mtambo wa sinema mjini Tanga. Chumba chake kilikuwa juu, nyuma ya vichwa vya watazamaji, kidogo kama choo cha uani na chenye joto kama tanuri la mikate, na humo ndimo alimozeekea. Mwaka 1975 nilikuwa na miaka minane. Kiingilio hakikuwa pesa ya kumpa mtoto wa umri huo, na bibi hakutaka hata kusikia habari za wajukuu wake kukaa gizani na watu asiowajua. Kwa hiyo picha za makauboi nilizokua nazo, karibu zote, sikuziona. Nilisimuliwa.

Alisimulia Jumapili alasiri, barazani kwa bibi, kikombe cha kahawa chungu pembeni na sisi tumejipanga ukutani. Goti lake lilikuwa farasi. Alilipiga kwa viganja, polepole farasi akitembea, mfululizo farasi akitimua mbio, na sisi tulijua kwa mlio peke yake kama steringi anafukuza au anafukuzwa. Picha moja aliionyesha usiku tano sita kabla mikanda haijapakiwa kwenda mji mwingine, kwa hiyo aliijua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kisimani. Alijua mlango upi utafunguka na nani atatokea.

Kulikuwa na moja tuliyomwomba kila mara. Yeye aliiita Majambazi Watatu na Mtoto. Watu watatu wanaiba benki, wanakimbilia jangwani, sherifu yuko nyuma yao. Maji yanakwisha. Katikati ya mchanga wanakuta gari la turubai, na ndani yake mwanamke peke yake, uchungu umemshika. Anajifungua mikononi mwa wezi. Kabla hajakata roho anawausia mtoto wake. "Yule mama aliwaachia amana," mjomba alisema, na neno hilo alilitamka kwa uzito, kwa sababu barazani kwa bibi amana lilikuwa neno zito. Basi wanaume watatu wenye bei vichwani mwao wanabaki na kichanga na maziwa ya kopo. Mmoja anakufa njiani. Wa pili anakufa. Wa tatu anakutana na kisima cha maji yenye sumu, anajua ni sumu, na anayanywa, kwa sababu hesabu yake inamwambia yatampa nguvu ya kufika mjini kabla hayajamuua. Anafika usiku wa Krismasi, watu wako kanisani wanaimba.

Hapo mjomba aliinuka. Alijikongoja hatua tatu kwenye sakafu ya baraza, akamkabidhi bibi mto wa sufi uliokuwa mtoto, akaanguka kifudifudi.

"Kafa?"

"Kafa."

"Lakini steringi hafi, Mjomba!"

"Huyu kafa, mwanangu."

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipoiona picha hiyo kwa macho yangu. Nilipata nakala ya 3 Godfathers, aliyoiongoza John Ford mwaka 1948, na John Wayne ndiye mwizi wa tatu. Niliitazama nimekaa mbele kabisa. Jangwa lilikuwepo, gari la turubai lilikuwepo, amana ilikuwepo. Wayne akafika mjini na mtoto. Akaanguka, naam, lakini akaamka. Akahukumiwa kifungo kidogo, na mji mzima ukatoka kumsindikiza kwa furaha. Majina ya mwisho ya waliotengeneza filamu yakapita na mimi nimekaa palepale, nimeumia kama mtu aliyegundua kwamba mzazi wake alimdanganya. Mjomba alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka kumi. Hakuna wa kumuuliza.

Nikaanza kutafuta, na ndivyo nilivyokutana na filamu ambayo leo hakuna mtu anayeweza kuiona.

Hadithi yenyewe iliandikwa na Peter B. Kyne, ikachapishwa mwaka 1913, na Hollywood haikuchoka nayo. Ilitengenezwa mwaka 1916. Ford akaitengeneza mwaka 1919 akiwa kijana wa miaka 25, akaipa jina la Marked Men, watu waliotiwa alama. William Wyler akaichukua mwaka 1929, ikiitwa Hell's Heroes, moja ya filamu za mwanzo kabisa za nje ya studio zilizopigwa na sauti. Ikarudiwa tena mwaka 1936. Kisha Ford yuleyule, sasa mzee wa kazi mwenye tuzo za Oscar nyumbani, akairudia mwaka 1948, nayo ndiyo niliyoiona mimi. Nilipoipata ya Wyler nikamwona Charles Bickford anakunywa yale maji. Nikamwona anaingia kanisani na mtoto, na anakufa. Nilisimamisha picha nikalia. Mjomba hakutudanganya. Alikuwa ameona picha nyingine, mahali fulani, nakala kuukuu iliyopita Tanga au Mombasa enzi za ujana wake, akaichagua hiyo badala ya ile yenye mwisho wa furaha.

Lakini tangu siku hiyo iliyonishika ni ile ya 1919. Hiyo haipo. Ilikuwa na mikanda mitano, kama saa moja hivi, ilitoka Desemba 1919 chini ya kampuni ya filamu ya Universal, na mwizi wa tatu alikuwa Harry Carey.

Harry Carey si jina linalotajwa barazani kwetu, na hata Marekani leo ni wachache wanaolikumbuka, kwa hiyo niruhusuni nimweleze. Alizaliwa mwaka 1878 katika Bronx, New York, mtoto wa hakimu. Ng'ombe na jangwa alivifuata ukubwani. Wakati huo steringi wa picha za makauboi alikuwa kama Tom Mix: shati la kung'aa, kofia kubwa kama sinia, farasi anayecheza. Carey alivaa shati la mtu anayelala nalo. Uso wake ulikuwa mrefu, wenye mikunjo, uso wa mtu anayefikiri kabla ya kusema, na katika sinema bubu hilo ni jambo kubwa, maana ndani ya sinema bubu hakuna kinachosemwa isipokuwa kile uso unachokisema.

Mwaka 1917 alikutana na kijana mmoja, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland, ambaye wakati huo akijiita Jack Ford. Carey alikuwa na miaka 39, Ford 23. Kati ya mwaka huo na 1921 walitengeneza pamoja filamu zinazokaribia 25, nyingi zikiwa za mhusika mmoja, Cheyenne Harry, mhalifu mwenye moyo. Walifanya kazi nje ya Los Angeles, maeneo ya Newhall, wakitunga hadithi usiku na kuzipiga picha mchana. Olive, mke wa Carey, naye mwigizaji, alikuwepo wakati wote.

Ukiniuliza Ford alijifunza wapi kazi yake, nitakujibu ni hapo, kwenye vumbi la Newhall, kwa mwanamume aliyemzidi miaka kumi na sita na ambaye alimwachia nafasi. Na filamu zilizobaki kamili kutoka miaka hiyo yao minne unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Hapa ndipo ninapokasirika, na sioni haya kusema hivyo.

Watu hudhani filamu hizi zilipotea kama pete inavyopotea baharini, bahati mbaya, mawimbi. Nyingi hazikupotea hivyo. Zilitupwa. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti wa David Pierce, aliyehesabu filamu ndefu bubu za Marekani za mwaka 1912 hadi 1929. Zilikuwa 10,919. Asilimia 70 hazipo tena. Zilizobaki katika umbo lake la asili, kama zilivyoonyeshwa Marekani wakati ule, ni asilimia 14 tu. Nyingine zipo, ila ni nakala za nchi za nje, au zimepungua ubora, au zimekatika vipande.

Fikiria biashara ilivyokuwa. Filamu ilionyeshwa wiki chache mji mkubwa, kisha ikashuka miji midogo, kisha vijiji, nakala zikichanika na kuungwa, zikichanika na kuungwa. Ilipomaliza mzunguko haikuwa na kazi tena. Hakukuwa na televisheni ya kuiuzia, hakukuwa na kanda za nyumbani. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1920 sauti ikaingia, na ghafla picha zote bubu zikawa kama magazeti ya juzi. Kuziweka ni gharama: nyumba maalumu, bima, mlinzi. Kuziharibu ni faida, kwa sababu ndani ya mkanda wa picha kuna madini ya fedha, na mtu anaweza kuuyeyusha akayatoa akayauza.

Na mkanda wenyewe ulikuwa hatari. Ulitengenezwa kwa naitreti ya selulosi, ndugu wa karibu wa baruti. Ukishika moto hauzimiki, hata ukiuzamisha ndani ya maji unaendelea kuwaka, maana unazalisha oksijeni yake wenyewe. Mjomba alifanya kazi miaka ambayo mkanda salama ulikuwa umeshachukua nafasi, lakini mzee aliyemfundisha alikuwa ameshika ule wa zamani, na kwa hofu ya mzee yule ndoo mbili za mchanga zilikaa mlangoni mwa chumba cha mtambo hadi mwisho. Zilikuwa na buibui ndani. Mjomba alizifagia lakini hakuziondoa.

Hata usipoungua, mkanda wa naitreti unajiua wenyewe pole pole. Picha inafifia, mkanda unaanza kunata, unatoa harufu kali, unavimba, unatoa povu la rangi ya asali, unagandamana kuwa tofali moja, na mwisho unakuwa unga wa kahawia. Ukifungua kopo umechelewa, unakuta ugoro.

Moto nao ulifanya kazi yake. Julai 1937 ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, lililipuka usiku wa joto, na karibu kila kitu ambacho kampuni ile ilikitengeneza kabla ya sauti kikaenda, pamoja na sehemu kubwa ya picha za Tom Mix. Hiyo ni ajali. Lakini mwaka 1948 Universal, kampuni iliyokuwa nyumba ya Ford na Carey, iliziteketeza kwa uamuzi wake negativu, yaani mikanda mama inayotolewa nakala, za filamu bubu zilizokuwa zimebaki mikononi mwake. Walikaa watu mezani wakapanga.

Mwaka 1948. Niliposoma mwaka huo nilirudi nyuma nikausoma tena. Katikati ya mwaka huohuo John Ford alikuwa Death Valley, kwenye joto la kuua, anaipiga upya hadithi ya Marked Men.

Harry Carey alikuwa amefariki Septemba 1947. Kabla ya yote, picha ya 1948 inaanza na mpanda farasi peke yake juu ya kilima, jua linazama nyuma yake, na maandishi yanasema kwamba kazi hii ni kwa kumbukumbu ya Harry Carey, nyota angavu ya anga la mwanzo la filamu za Magharibi. Farasi yule ni wa Carey mwenyewe, aliitwa Sonny. Na mwizi mdogo kati ya watatu, yule kijana anayekufa jangwani, ni Harry Carey Mdogo, mtoto wa marehemu, aliyezaliwa mwaka 1921, miaka miwili baada ya baba yake kuubeba mzigo uleule mbele ya kamera ya mtu yuleyule.

Nilipoitazama kwa mara ya pili, nikijua hayo, sikukasirika tena kwamba Wayne anafufuka. Nilikuwa naangalia kitu kingine: mwanamume wa miaka 54 anamsimulia mtoto hadithi ya baba yake, juu ya mchanga, kwa mikono na miguu. Mjomba angemwelewa.

Tunachokijua kuhusu Marked Men ni kidogo lakini si sifuri. Tunajua walioigiza: Carey, J. Farrell MacDonald, Joe Harris, na Winifred Westover. Tunajua mpiga picha alikuwa John W. Brown. Kuna matangazo, kuna muhtasari kwenye magazeti ya biashara ya sinema. Lakini muhtasari utakwambia nani alifika mjini, hautakwambia alifikaje. Alimshika vipi mtoto, kwa mkono mmoja kama bunduki au kwa miwili kama sahani ya moto? Alimtazama wakati gani? Hayo ndiyo yaliyoungua.

Jirani wa karibu tuliye naye ni Straight Shooting, filamu ndefu ya kwanza ya Ford, ya Agosti 1917. Inasimuliwa kwamba aliagizwa kutengeneza picha fupi ya mikanda miwili, akadai mikanda imeanguka majini ili apewe mingine, akarudi na mikanda mitano. Ndani yake Cheyenne Harry ameajiriwa na wafugaji matajiri awafukuze wakulima wadogo. Anakwenda kufanya kazi aliyolipwa. Anakuta familia inamzika kijana wao, aliyepigwa risasi alipokwenda kuchota maji. Harry anasimama. Hakuna bunduki inayolia, hakuna anayemhubiria. Uso ule mrefu unabadilika tu, taratibu, na ukifika mwisho wa kubadilika amekuwa mtu mwingine, na waliomwajiri wamempoteza. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Najiambia: kama aliweza hivyo mbele ya kaburi mwaka 1917, mwaka 1919 mbele ya kichanga alifanya nini?

Straight Shooting nayo ilihesabiwa imepotea. Ilipatikana katika hifadhi ya filamu ya Prague miaka ya 1960. Hell Bent, ya 1918, nayo ilikuwa katika hifadhi ya Wacheki. Bucking Broadway, ya 1917, ilikutwa Ufaransa. Upstream, ambayo Ford aliitengeneza mwaka 1927 na si ya makauboi, ilikutwa New Zealand, ikatangazwa mwaka 2010 pamoja na filamu nyingine za Marekani zipatazo 75. Mwaka 1978, Dawson City, kaskazini kabisa mwa Kanada, wajenzi walichimba na kufukua mikanda 533 iliyokuwa imefukiwa ndani ya bwawa la kuogelea la zamani, baridi ya ardhi ile ikiwa imeitunza.

Angalia ramani hiyo. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokutwa Hollywood. Zote zilikutwa mwisho wa njia, kule ambako nakala ilifika ikiwa imechoka, na nauli ya kuirudisha ilikuwa kubwa kuliko thamani yake, kwa hiyo mwenye kampuni akasema iacheni hukohuko au itupeni. Kuna mtu hakuitupa. Mara nyingi alikuwa mtu kama mjomba, mwendesha mtambo, fundi, mkusanyaji wa vitu vilivyodharauliwa, ambaye hakuwa na kibali cha mtu wala hati ya kitu chochote. Aliviweka stoo kwa sababu alivipenda. Hawa watu majina yao hayaandikwi kwenye orodha ya majina mwishoni mwa filamu, na mimi ningependa yaandikwe ya kwanza.

Miaka michache iliyopita ikatoka habari iliyoninyima usingizi. The Scarlet Drop, ya Ford na Carey, ya Aprili 1918, iliyokuwa imebaki vipande tu, imekutwa Chile, katika ghala moja jijini Santiago, ndani ya mali ya mkusanyaji. Jaime Córdova, anayeendesha tamasha la filamu zilizookolewa huko Valparaíso, ndiye aliyeitambua, na mwaka 2024 ikaonyeshwa Valparaíso mbele ya watu. Miaka 106. Watu waliokuwa watoto wachanga siku ilipotoka walikuwa wameishi maisha yao yote na kuzikwa, na yenyewe imekaa gizani kwenye kopo, Carey ndani yake na miaka 40, anasubiri mtu awashe taa.

Wakati wa kuandika haya nimejikuta nikifikiri kuhusu jambo jingine, na sitalificha ingawa linanitoa kidogo barabarani. Carey na Ford, wote wawili, walifika kwetu. Machi 1928 bwawa la St. Francis, juu ya Los Angeles, lilipasuka usiku, likaua mamia ya watu, na mafuriko yake yakasomba kituo cha biashara ambacho Carey alikuwa nacho kwenye shamba lake. Sinema bubu ilikuwa inakufa na yeye alikuwa amevuka miaka 50. Mwaka uliofuata alikuja Afrika Mashariki kupiga Trader Horn, ya kampuni ya MGM, na Olive naye akiwemo kama mmisionari. Walizunguka Kenya, Uganda hadi maporomoko ya Murchison, Tanganyika, Kongo. Filamu ilitoka mwaka 1931 ikateuliwa kugombea Oscar ya picha bora. Nimeiona. Inawatazama watu wetu kwa jicho la dharau, na sipendi hata kidogo, ingawa Mutia Omoolu, Mwafrika aliyeigiza kama msaidizi wa Horn, ana utulivu mbele ya kamera ambao wazungu wenzake wa kwenye picha ile wangepaswa kuuonea wivu. Lakini Carey mle ndani ni yuleyule. Anatembea kwenye nyasi za huku kama alivyotembea Newhall, mabega yamelegea, hana haraka.

Ford alikuja mwishoni mwa mwaka 1952, Kenya ikiwa ndani ya hali ya hatari, kupiga Mogambo pamoja na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Kambi yao moja ilikuwa Mto Kagera, upande wa Tanganyika. Wapo walioandika kwamba mogambo ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahaba. Msomaji, wewe na mimi tunajua.

Nawaza kwamba wakati huo mjomba alikuwa kijana, ndiyo kwanza anafundishwa mtambo. Ford, mtu pekee ambaye angeweza kumaliza ubishi wetu wa barazani, alikuwa upande wa pili wa nchi hiihii.

Kuna kitu kimoja cha Carey ambacho hakikuungua, na naomba nikieleze polepole. Alikuwa na namna yake ya kusimama. Mkono wa kushoto unapita mbele ya kifua na kushika mkono wa kulia, karibu na kiwiko, kama mtu anayejizuia asiondoke au anayejifariji. Utaiona kwenye picha zake. Mwaka 1956 Ford alitoa The Searchers. Mwishoni kabisa John Wayne amemrudisha binti nyumbani, jamaa wote wanaingia ndani, na yeye anabaki nje, mlango umemzunguka kama fremu. Nyuma ya kamera amesimama Olive Carey, mjane, ambaye ameigiza kwenye picha hiyohiyo. Wayne anamtazama. Kisha anapeleka mkono wake wa kushoto, anashika wa kulia kwenye kiwiko, anasimama hivyo sekunde chache. Anageuka, anaondoka kuelekea jangwani, mlango unafungwa.

Wayne alieleza baadaye kwamba alifanya vile kwa ajili ya Harry. Nami nilipojua, nilielewa ni kwa nini mjomba aliinuka kila mara alipofika mwisho. Angeweza kusema tu kwamba mtu yule alifika akaanguka. Tungeelewa. Aliinuka kwa sababu kule kutembea ndiko alikokuwa amekuona, na alitaka tuwe nako.

Universal iliyozichoma negativu zake mwaka 1948 ndiyo hiyohiyo iliyokuja kuzirudishia uhai Straight Shooting na Hell Bent katika karne hii, kwa kutumia nakala zilizotunzwa mbali. Nimeziona katika ubora huo mpya, mavumbi yanaonekana chembe moja moja. Nashukuru. Pia sijasahau.

Huwa naandika barua pepe kwa hifadhi za filamu, si nyingi, moja au mbili kwa mwaka, hasa za nchi za mwisho wa njia. Nauliza kama wana makopo yasiyo na jina, yenye gari la turubai na wanaume watatu. Ninaeleza kwamba jina linaweza kuwa limetafsiriwa, kwamba kurasa za maandishi zinazotokea katikati ya picha bubu zinaweza kuwa kwa Kihispania au Kicheki. Wananijibu kwa upole. Mmoja aliniuliza ni kwa nini mtu wa Tanga anaitafuta hii, nikamwandikia kurasa tatu kuhusu goti la mjomba, naye akaniahidi kwamba wakihesabu tena stoo yao atalikumbuka gari la turubai.

Siku itakayopatikana, popote pale, nitauza nitakachouza nikate tiketi. Najua sinema bubu huonyeshwa kwa piano na kwa mpangilio wake, mkanda wa kwanza hadi wa tano. Lakini nikipewa nafasi ya kuomba, nitamwomba mwenye mtambo aanze na wa tano.